Siku Moja ya Uhuru: Uteuzi wa Wachezaji wa Besiboli wa Mwaka 1965

(Hotuba kwa makocha na walimu wa michezo)

Mwenyekiti, makocha wenzangu, walimu wa michezo, wazazi, na ninyi vijana mliojipanga pale nyuma: shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna klabu kubwa za dunia zinavyochagua vijana. Ningeweza kuwaletea habari za mpira wa miguu, lakini hizo mnazijua. Nimechagua besiboli ya Marekani, na ndani yake nimechagua siku 2 tu, tarehe 8 na 9 Juni 1965. Siku hizo lilianza jambo ambalo mpaka leo linaamua maisha ya vijana kwa mamia kila mwaka, na vijana wenyewe hawakuulizwa.

Mahali ni Hoteli ya Commodore, jijini New York. Wawakilishi wa klabu zote 20 za ligi kuu wamekutana. Zamu kwa zamu, kila klabu inataja jina la kijana, wa sekondari au wa chuo, ambaye hajawahi kucheza kwa malipo. Akishatajwa, basi. Klabu iliyomtaja ndiyo pekee yenye haki ya kuzungumza naye mkataba, na nyingine zote zinakaa pembeni. Wanaanza walioshika mkia msimu uliopita, wanamalizia waliofanya vizuri, huku zamu zikipishana kati ya ligi 2 zinazounda ligi kuu ya Marekani. Zoezi hilo ndilo linaloitwa drafti, na ile ilikuwa ya kwanza katika besiboli.

Kabla ya hapo mambo yalikwenda hivi. Kijana akikaribia kumaliza shule huku jina lake limeshavuma, maskauti, yaani watafuta vipaji wa klabu, walimiminika kwao. Mmoja yuko sebuleni anakunywa kahawa na baba, mwingine anasubiri nje garini. Kila mmoja amekuja na dau lake. Mwenye dau nono ndiye aliyeondoka na sahihi, au wakati mwingine yule aliyejua kuzungumza na mama. Klabu zenye fedha zilivuna, zisizo nazo ziliokota masalia.

Wenye klabu walijaribu dawa nyingi za kuzuia madau yasipande. Kati ya 1953 na 1957 ilikuwepo kanuni kwamba kijana akisajiliwa kwa zaidi ya dola 4,000, klabu imweke kwenye kikosi cha ligi kuu kwa miaka 2, isimpeleke ligi ndogo akajifunze. Kanuni ililenga kuiadhibu klabu, lakini adhabu aliibeba mtoto. Sandy Koufax, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa warushaji, yaani wanaomrushia mpigaji mpira, hatari kuliko wote waliopata kushika mpira ule, aliingia Brooklyn Dodgers mwaka 1955 akiwa na miaka 19, akasugua benchi wakati alitakiwa awe anarusha kila baada ya siku chache dhidi ya vijana wenzake. Harmon Killebrew aliingizwa kwenye kikosi cha Washington Senators mwaka 1954 kabla hajafikisha miaka 18. Makocha mnajua umri ule unavyohitaji mechi. Wawili hao walikuja kung'ara, lakini walichelewa, na wako wengine waliopotelea humo humo benchi.

Kanuni ikafutwa, madau yakapaa. Mwaka 1964 Los Angeles Angels walimsajili Rick Reichardt, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, kwa takriban dola 200,000. Mjue kwamba nyota wakubwa kabisa wa wakati huo, watu waliokuwa wakijaza viwanja, walilipwa kama dola 100,000 kwa msimu mzima. Wenye klabu walishtuka. Kabla mwaka huo haujaisha walikuwa wameshakubaliana kuanzisha drafti.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Wakati ule kila mkataba wa besiboli Marekani ulikuwa na kipengele kilichoipa klabu haki ya kumshikilia mchezaji mwaka baada ya mwaka. Mkataba ukiisha, klabu inauongeza yenyewe. Inaweza kumuuza, kumbadilisha na mwingine, au kumtema, lakini yeye kuondoka kwa hiari yake, hapana. Kwa hiyo mchezaji alikuwa na siku moja tu ya uhuru katika maisha yake yote ya kazi, nayo ni siku ile kabla hajamwaga wino kwa mara ya kwanza. Siku hiyo klabu ziligombana kwa ajili yake, na siku hiyo bei aliipanga yeye na wazazi wake. Drafti ikaichukua na siku hiyo.

Fikirieni kijana wa Mbagala mwenye kipaji aambiwe kwamba kuanzia leo ni klabu moja tu nchi nzima inayoruhusiwa kuzungumza naye. Mji hakuuchagua yeye, bei haikupangwa na yeye, na asipotaka akae asubiri duru nyingine. Sisi tungeandamana. Kule hakukuwa na wa kumsemea. Chama cha wachezaji kilikuwepo, lakini Marvin Miller, mtu aliyekuja kukipa meno, alichaguliwa kukiongoza mwaka 1966, na hata hapo kilikuwa chama cha watu wa ligi kuu. Mtoto wa sekondari hakuwa mwanachama wa kitu chochote.

Matokeo yalionekana mwaka ule ule. Kijana wa kwanza kabisa kutajwa alikuwa Rick Monday, mchezaji wa eneo la nje kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, ambacho msimu huo huo kilitwaa ubingwa wa vyuo. Alichaguliwa na Kansas City Athletics. Huyu ndiye aliyehesabiwa kuwa bora kuliko vijana wote wa Marekani, na alisaini kwa dola 100,000 hivi, nusu ya alichopata Reichardt mwaka mmoja nyuma. Kipaji hakikushuka kwa nusu ndani ya miezi 12. Kilichobadilika ni kwamba mteja alibaki mmoja. Dau la Reichardt lilikaa zaidi ya miaka 10 bila kijana yeyote kulipita.

Wapo waliosema, na bado wapo wanaosema, kwamba lengo lilikuwa usawa. Walikuwa na hoja. New York Yankees walikuwa wamefika fainali mara 14 katika misimu 16, kuanzia 1949 hadi 1964, na mashabiki wa miji mingine walishachoka kuujua mwisho kabla ya mwanzo. Lakini tazameni tarehe. Yankees walianguka mwaka 1965 wenyewe, na mwaka 1966 walishika mkia wa ligi yao, kabla vijana wa drafti hata hawajapata nafasi ya kubadilisha lolote. Nyota wao walizeeka, na nyuma yao hakukuwa na wa kuwarithi. Sisemi drafti haikusaidia usawa. Nasema waliokaa mezani walianza kuhesabu fedha, usawa ukaja nyuma yake, na mkisoma historia hii msiruhusu mtu awageuzie mpangilio huo.

Sasa nije kwenye upande unaotuhusu moja kwa moja sisi tunaochagua watoto: waliwasoma vizuri kiasi gani?

Chaguo la 2, mara tu baada ya Monday, lilikuwa la New York Mets, klabu iliyoanzishwa 1962 na kupoteza mechi 120 msimu wake wa kwanza. Walimtaja Les Rohr, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka Billings, Montana. Alicheza mechi 6 za ligi kuu maisha yake yote. Klabu hiyo hiyo, katika raundi ya 12, wakati wengi ukumbini walishachoka, ilitaja jina la 295: Nolan Ryan, kijana wa Alvin, Texas. Alicheza misimu 27, akawaondoa wapigaji 5,714 kwa kuwamalizia nafasi zao 3 za kupiga, na hakuna aliyeikaribia idadi hiyo mpaka leo.

Ilikuwaje akawa wa 295? Skauti wa Mets kule Texas, Red Murff, alikuwa amemfuatilia kijana huyo kwa muda mrefu. Alishaona warushaji wenye kasi wa ligi kuu, akawaeleza mabosi wake kwamba huyu mtoto mwembamba ana mkono unaowazidi. Ikafika siku bosi mkubwa kutoka New York, Bing Devine, akaja Alvin kumtazama kwa macho yake. Kocha wa shule alikuwa amekasirishwa na timu na kuipa mazoezi makali ya adhabu kabla ya mechi hiyo. Ryan alisimama kwenye kilima cha kurushia akiwa hana nguvu, na wapigaji wa timu pinzani wakamchapa. Devine alikuwa na mechi hiyo moja tu ya kumpima, Murff alikuwa na alichokiona miezi na miezi, na uamuzi ukafuata mechi moja. Nawaomba makocha mnaoendesha majaribio ya siku moja mkimwambia kijana "wewe hapana", mkumbuke uwanja ule wa Alvin. Kijana amelala wapi jana? Amekula nini? Amefika kwa miguu kutoka wapi? Karatasi yenu ya alama haina mahali pa kuandika hayo.

Cincinnati Reds, katika raundi ya 2, chaguo la 36, walimtaja Johnny Bench, mdakaji, yaani anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji, kutoka Binger, kimji kidogo cha Oklahoma. Baba yake ndiye aliyemwelekeza kwenye udakaji, kwa sababu aliona wadakaji wazuri ni haba na njia yao ya kufika juu ni fupi. Mwanzoni mwa Aprili mwaka huo, miezi 2 kabla ya drafti, basi lililobeba timu ya shule yao lilikatika breki, likatumbukia korongoni, na wachezaji wenzake 2 walifariki. Bench alijitupa sakafuni, kama baba yake alivyomfundisha afanye gari likipoteza mwelekeo, akanusurika. Kijana wa miaka 17 aliyetoka kuzika wenzake ndiye aliyekuwa akipimwa na maskauti masika hayo. Alifika ligi kuu 1967, akawa mchezaji bora wa ligi yake 1970 na tena 1972, na wengi wanaoujua mchezo huo, mimi nikiwamo, tunaamini hajatokea mdakaji kumzidi. Kwenye raundi ya 1, Reds walikuwa wamemchagua kwanza Bernie Carbo. Naye hakuwa bure: mwaka 1975, akiwa Boston Red Sox, aliwapiga hao hao Reds hom rani (pigo linalompa mpigaji nafasi ya kuzunguka vituo vyote) ya pointi 3 katika mchezo wa 6 wa fainali, ambayo kwao ni mfululizo wa michezo, moja ya hom rani zinazosimuliwa hadi leo.

Jina ninalotaka kukaa nalo zaidi ni Tom Seaver. Alikuwa mtoto wa Fresno, California, ambaye akiwa sekondari hakuna skauti aliyemjali. Akaingia jeshi la akiba la wanamaji, mwili ukajaa, akaenda chuo cha pale nyumbani, halafu Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Mwaka 1965 Los Angeles Dodgers walimtaja katika raundi ya 10. Alitaka dau kubwa kuliko walilokuwa tayari kutoa, wakamwacha, naye akarudi darasani. Kukataa ndiyo silaha pekee ambayo mfumo ule ulimwachia kijana, na aliyeweza kuitumia ni yule mwenye mahali pa kurudi. Mtoto wa maskini ambaye nyumbani wanasubiri hela ya kodi hana chuo cha kumtunza mwaka mzima. Huyo atasaini chochote atakachopewa.

Januari 1966, katika duru nyingine ya drafti, Atlanta Braves wakamchagua Seaver na wakamsajili. Kumbe timu ya chuo chake ilikuwa imeshacheza mechi za kirafiki za msimu, ingawa yeye hakugusa mpira, na kanuni ilikataza kumsajili mwanafunzi msimu wa chuo ukishaanza. Kamishna wa besiboli, William Eckert, akaufuta mkataba. Seaver akataka arudi kuchezea chuo. Wasimamizi wa michezo ya vyuo wakamwambia haiwezekani, kwa kuwa ameshasaini mkataba wa kulipwa. Kijana wa miaka 21 hajakosa lolote, anafungiwa mlango wa mbele na wa nyuma siku moja! Baba yake alipotishia kwenda mahakamani ndipo kamishna akatafuta njia: klabu yoyote iliyo tayari kulipa kama Braves ijitokeze, ifanyike bahati nasibu. Katika klabu zote zilizobaki zilijitokeza 3 tu, Philadelphia Phillies, Cleveland Indians na Mets. Majina yakatiwa kwenye kofia, likatoka la Mets.

Miaka 3 baadaye, 1969, Mets wale wa kupoteza mechi 120 walikuwa mabingwa. Seaver alishinda mechi 25 msimu huo na akashinda mchezo wa 4 wa fainali. Katika mchezo wa 3, aliyeingia kumalizia kazi alikuwa Nolan Ryan, yule wa 295. Mmoja waliletewa na kofia, mwingine karibu wampite.

Nataja na mwaka uliofuata kwa kifupi. Drafti ya 1966, Mets walikuwa na chaguo la kwanza. Walimchukua Steve Chilcott, mdakaji wa miaka 17 kutoka California, wakamwacha Reggie Jackson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Athletics wakamchukua Jackson kwa chaguo la 2, akaja kupiga hom rani 563. Chilcott aliumia bega mwaka 1967 na hakuwahi kufika ligi kuu. Mets walieleza kwamba walihitaji mdakaji. Jackson mwenyewe ameeleza kwamba kocha wake wa chuo alimtahadharisha mapema kuwa Mets hawatamtaka, kwa sababu yeye ni mweusi na mpenzi wake hakuwa mweusi. Chilcott alidhihakiwa miaka mingi kama mfano wa chaguo bovu, na mimi nasimama hapa kumtetea. Alikuwa mtoto, hakujichagua, na bega lake liliumia kazini. Lawama ya meza ile haikupaswa kuwa yake.

Athletics walichanua. Katika drafti hiyo ya 1965, mbali na Monday, walipata Sal Bando raundi ya 6 na Gene Tenace raundi ya 20. Mwaka uliofuata Jackson, na 1967 Vida Blue. Walihamia Oakland mwaka 1968, wakatwaa ubingwa 1972, 1973 na 1974 mfululizo. Rick Monday, wa kwanza wa wote, hakuwamo: walishambadilisha na mrushaji wa Chicago Cubs mwishoni mwa 1971, bila yeye kuwa na la kusema, maana kile kipengele cha kumshikilia mchezaji bado kilikuwa hai. Mchezaji Curt Flood alikipeleka mahakamani, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkatalia 1972. Kilivunjwa Desemba 1975, kwa uamuzi wa msuluhishi Peter Seitz, na tangu hapo wachezaji wakomavu wakaweza kuwa huru na kujipangia bei. Drafti haikuguswa. Wakubwa walipata uhuru wao, na watoto wakabaki pale pale walipowekwa mwaka 1965.

Mtaniuliza, na sisi huku? Drafti hiyo inawahusu vijana wa Marekani, Kanada na Puerto Rico tu. Kijana wa kwetu akionekana, anasajiliwa moja kwa moja kwa utaratibu mwingine, kama Ben Serunkuma na Umar Male wa Uganda waliosajiliwa na Dodgers mwaka 2022. Mara kwa mara inazungumzwa kuanzisha drafti ya dunia nzima. Wachezaji wa Amerika ya Kilatini wameipinga kwa nguvu, na wanayo sababu: klabu ikijua kwamba kijana inayemlea anaweza kuchukuliwa na nyingine kwa zamu, itamlea kwa faida ya nani? Shule zetu zenye timu za besiboli zifuatilie jambo hilo, kwa kuwa likipita litawagusa na wanafunzi wetu.

Mwisho kabisa. Mwaka 1988, katika raundi ya 62, jina la 1,390, Dodgers walimtaja Mike Piazza. Walimtaja kwa hisani tu, kwa sababu baba yake alikuwa rafiki wa kocha wao, Tommy Lasorda. Hakuwa mdakaji, walimgeuza. Alikwenda mpaka kambi ya klabu kule Jamhuri ya Dominika kujifunza kudaka kati ya vijana wasiozungumza lugha yake, akafikisha hom rani 427, na mwaka 2016 akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa Besiboli kule Cooperstown. Leo drafti ina raundi 20. Mwaka 2020, wakati wa korona, ilikuwa na 5 tu. Pale kwenye 62 hapasomwi tena jina la mtu.

Orodha ya raundi za mwanzo za 1965 nimeichapisha, nakala ziko mezani karibu na mlango. Mwenyekiti, naona mikono imeshanyooshwa upande wa makocha wa Temeke. Tuanze na wao.